Semina Yangu ya Kulala

Jumamosi, 5 Aprili

Shule ilifungwa jana saa sita. Wasichana mia mbili na kumi wamekwenda makwao. Mimi ndiye matroni wao, huko Msambweni, na huu ni mwaka wangu wa tisa. Jana asubuhi nilihesabu mara nilizoitwa kabla sijamaliza chai. Arobaini na tatu. Mmoja aliniita aniulize kiatu chake kiko wapi, naye alikuwa amekivaa.

Leo niko nyumbani, Bongwe, na nina habari ambayo moyo hauwezi kuikalia. Binamu yangu Garama anatunza nyumba ya watu Diani. Nyumba ina bwawa la kuogelea, na ukitoka mlango wa nyuma ni hatua chache tu hadi ufuoni. Mwenye nyumba yuko Nairobi mpaka Mei. Amemwambia Garama kwa kinywa chake kwamba tunaweza kukaa siku sita. Siku sita!

Ninachotaka si kikubwa. Nilale mpaka jua linifikie kitandani. Ninywe chai ingali moto. Nisiitwe. Waziri, mume wangu, awepo, na watoto wetu Luqman na Esha wawepo pia, maana nawapenda, lakini wawe mbali kidogo, kama redio ya jirani.

Kizuizi ni kimoja tu. Bi Mbeyu, mamake Waziri, mavyaa wangu. Ua wa makuti ndio unaotutenganisha. Ni mama mwema, sina la kumsema. Lakini wiki hii anafunga siku zake sita za sunna za Shawwal, na aliyefunga hutaka futari, na futari katika ukoo huu ina mpishi mmoja.

Basi nikamwendea, nikamwamkia, nikamwambia nimeitwa semina. Semina ya walezi wa mabweni, Diani, ya serikali yenyewe. Waziri na watoto wananisindikiza tu. Akauliza inaanza saa ngapi. Nikasema saa mbili asubuhi. Inakwisha saa ngapi? Saa kumi. Akatikisa kichwa kwa huruma. Akasema watoto watabakije na baba yao kutwa nzima katika mji wa watalii, na bibi yao yu hai?

Sasa hivi anapakia. Naisikia zipu ya begi lake kutoka hapa.

Jumapili, 6 Aprili

Tumefika kwa tuktuk mbili. Ya pili ilibeba vitu vya Mavyaa: kinu, mbuzi ya kukunia nazi, nazi kumi na mbili, na mto wake wa kulalia. Nyumba ni nzuri kupita nilivyoambiwa. Vitanda vina vyandarua vyeupe kama vya bibi harusi. Esha aliingia bwawani na viatu.

Mavyaa aliizunguka nyumba nzima, akafungua kila mlango, kisha akauliza wenzangu wa semina wako wapi. Nikasema wanalala hoteli ya jirani. Garama, ambaye hakujaliwa kusema uongo, akauliza semina gani. Nilimkanyaga mguu. Akakumbuka kwamba ana maua ya kumwagilia, ingawa mvua ilikuwa inanyesha.

Jioni nimepika uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi na samaki wa kupaka. Mgongo umekufa. Lakini nikiwa nakoroga uji ndipo wazo liliponijia, nikabaki na mwiko mkononi nikicheka peke yangu. Kumbe uongo wangu ni mali! Kuanzia saa mbili mpaka saa kumi niko semina. Mtu aliye semina haitwi. Haulizwi chumvi iko wapi. Hizo ni saa nane kila siku, zangu, mbele ya macho ya watu wote. Nitakwenda ufuoni nilale.

Natamani kuche sasa hivi.

Jumatatu, 7 Aprili

Niliondoka saa moja na nusu, nimevaa nguo za kazi, daftari kwapani, leso ya kulalia nimeificha ndani ya mkoba. Mavyaa alinisomea dua mlangoni. Nilijisikia vibaya kwa muda wa kutembea mpaka getini.

Nikatandika leso chini ya mti wa mvinje. Nikalala chali. Nikafumba macho.

Kijana wa ngamia akanisalimia kwa Kijerumani. Nikamwambia mimi ni mtu wa Bongwe. Akaniomba radhi, akaenda, akarudi kuniuliza mtu wa Bongwe anafanya nini chini ya mvinje Jumatatu asubuhi. Nikageukia upande wa pili. Akaja muuza shanga. Akaja mwenye vinyago, akataka kuchonga jina langu kwenye kijiti. Tumbili akachukua andazi langu, akakaa tawini, akanitazama huku akilila.

Kisha nikasikia, "Matroni!"

Alikuwa mama yake mwanafunzi wangu mmoja, anauza mahamri kwa wafanyakazi wa hoteli. Akaketi kwenye leso yangu, akaweka beseni katikati, akaanza kunieleza ripoti ya bintiye, somo baada ya somo. Tulipofika hesabu akampigia simu jirani yake, naye ana binti kwetu, akaja na mwingine. Kufika saa sita nilikuwa na wazazi wanne wamepanga foleni mchangani.

Alhamdulillahi, mvua ikaja. Nzito, ya Aprili. Wazazi wakakimbilia upande ule, nami nikakimbilia baraza la hoteli iliyokuwa karibu. Pale mlangoni mwanamke mnene mwenye sauti ya bashasha akanishika mkono, akaniuliza kama mimi ndiye yule wa Bongwe. Nikasema ndiye. Si nimetoka Bongwe? Akasema wamenisubiri tangu asubuhi. Akanivika kadi shingoni, akaniingiza ukumbini.

Subhanallah, ukumbi ule. Kiyoyozi kinapuliza kama upepo wa peponi. Viti vya sponji. Chai, sambusa, korosho. Watu kama arobaini wamekaa kimya, mwalimu anazungumza kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka. Kadi yangu ilisema MWINGA, BONGWE. Ubao ulisema ni semina ya wafugaji wa nyuki wa Kwale, siku nne.

Nilichagua kiti cha nyuma kabisa. Nikaegemeza shavu mkononi kama mtu anayetafakari. Nikalala tangu saa saba mpaka saa tisa na nusu. Sijapata usingizi kama ule tangu nizae.

Jumanne, 8 Aprili

Leo nilipomuaga Mavyaa kwamba naenda semina, nilikuwa nasema kweli tupu. Nilitembea mwepesi kama nimeshushiwa gunia.

Mwenye sauti ya bashasha anaitwa Rispah, mwenyekiti wao, anatoka upande wa Kinango. Mama mtu kweli. Mwalimu anaitwa Hesbon, ni mtu wa bara, kila sentensi anaianza kwa Kiswahili na kuimalizia kwa Kiingereza. Huyu simpendi macho yake. Ana karatasi ya majina, na kila akiisoma hunitazama kidogo.

Saa nne ukafika wakati wa chai. Jamani. Watu arobaini, birika moja, hakuna mstari, mzee mmoja amesukumwa mpaka ukutani na sahani yake, sukari imemwagika chini. Nilijiambia nitulie, mimi niko mapumzikoni. Nilivumilia dakika tatu. Filimbi yangu ya bweni haikosi mkobani. Nikaipuliza.

Ukumbi mzima ukasimama wima. Nikapanga mistari miwili, wazee mbele, vikombe kushoto, kutoka kwa mlango wa pili. Kila mtu akapata chai kwa dakika tisa. Walinipigia makofi.

Hesbon akaja kunieleza kwamba alikuwa na mpango wake mwenyewe wa chai. Nikamwambia nimeuona, uko pale sakafuni pamoja na sukari. Hapo nilikosea. Uso wake ulibadilika.

Rispah akanihamishia kiti cha mbele kabisa, niandike kumbukumbu za kikao. Kiti cha mbele hakina pa kulalia. Nimeandika kurasa kumi na moja juu ya nta.

Jumatano, 9 Aprili

Nimechaguliwa katibu. Sikugombea. Rispah alisema tu, nani katibu, na watu wote wakanitazama.

Hesbon akaona hapa ndipo pa kunishika. Akaniuliza mbele ya watu, kwa upole ule wa mtu aliyechimba shimo, mimi binafsi nina mizinga mingapi. Sikujua hata watu hufuga mingapi. Idadi iliyokuja mdomoni ni ile niliyoizoea. Nikasema mia mbili na kumi.

Kalamu zikasimama. Mzee Kalama, aliyefuga nyuki maisha yake yote na ana mizinga kumi na minne, alivua kofia. Akaniuliza kwa heshima kubwa nawazuiaje wasihame wote kwa pamoja.

Nikamjibu kwa ninavyojua. Nikasema wingi si tatizo, tatizo ni fujo. Waamke wakati mmoja kila siku. Wasile ovyo. Kila mmoja ajue mahali pake. Wakianza kunong'ona kwenye pembe, basi jambo linapikwa, usingoje liive. Na wakubwa wawili wakigombana, watenganishe siku ile ile.

Waliandika yote. Hata Hesbon aliandika, kisha akaona anaandika, akaacha. Nimepewa nusu saa kesho, niwafunze usafi wa mizinga kabla ya kufunga semina.

Nilirudi saa kumi, miguu imevimba. Waziri alikuwa amelala kando ya bwawa, kofia usoni. Mavyaa ametumbukiza miguu majini, anavuta tasbihi taratibu. Luqman na Esha wanacheza karata wala hawagombani. Nyumba nzima ina utulivu ambao sijawahi kuuona katika ndoa yangu. Waziri akafunua jicho moja, akaniambia hajapumzika hivi tangu aanze kazi ya mizani pale kiwanda cha sukari Ramisi, na kwamba Mungu anilipe kwa semina hii.

Nikaenda kukuna nazi.

Usiku huu nasoma kijitabu cha nyuki. Kinasema wanaofanya kazi zote mzingani ni wa kike. Nimekisoma ukurasa huo mara mbili. Lakini sikatai, nina hamu ya kesho. Sijawahi kusimama mbele ya watu wanaonisikiliza kwa kutaka.

Alhamisi, 10 Aprili

Niandike haraka kabla sijasahau neno hata moja.

Nilianza vizuri sana. Watu wametulia, kalamu mkononi. Nilikuwa nimefika kwenye kufagia chini ya mzinga pale mlango ulipofunguliwa, akaingia mwanamume mrefu, amelowa chapachapa, amebeba mtungi wa asali. Akaomba radhi kwa kuchelewa siku tatu. Alikuwa na ng'ombe mgonjwa. Akasema yeye ni Mwinga, wa Bongwe.

Hesbon akainuka polepole. Ile karatasi ya majina akaishika kwa mikono miwili. Akaja mpaka nilipo, akasoma kadi shingoni mwangu kana kwamba ndiyo kwanza aione.

"Mama," akasema, "wewe ni nani hasa?"

Nikaifunika kadi kwa kiganja. Nilimwona Mzee Kalama ananitazama. Nilimwona Rispah. Siku nne hizi watu hawa wamenipa kiti na chai na nafasi ya kusema, nami nimewapa mia mbili na kumi isiyokuwepo. Nilitamani sakafu inimeze.

"Huyo ni mke wa mwanangu."

Mavyaa. Amesimama kwenye mlango wa pili, buibui lake la sikukuu, nyuma yake Waziri na watoto wawili wamechana nywele. Usiku nilimwambia Waziri nafunza hoteli ya jirani, nao wakaja kunishangilia semina ikifungwa. Akaingia, akawatolea watu salamu, wakaitikia, kisha akamgeukia Hesbon.

"Anaitwa Twaiba. Ni mtu wa Bongwe, mimi nimepakana naye. Tangu Jumatatu anatoka asubuhi kuja hapa, anarudi saa kumi hawezi hata kuinama. Kama hayumo katika karatasi yako, mwalimu, basi hiyo karatasi ndiyo yenye kosa."

Hesbon akasema lakini utaratibu. Ndipo nikaivua ile kadi. Nikasema ukweli wote, palepale, mbele ya watu. Kwamba sina mzinga hata mmoja. Kwamba mia mbili na kumi ni wasichana wa bweni. Kwamba niliingia humu kukimbia mvua nikakaa kwa sababu ya kiyoyozi.

Mzee Kalama ndiye aliyeanza kucheka. Akacheka mpaka akashika meza. Akasema alishangaa tangu jana nyuki gani hao wanaonong'ona kwenye pembe, na bado amekusudia kujaribu. Rispah akauliza kama kuna anayetaka kubadilisha katibu. Hakuna mkono ulioinuka. Mwinga, aliyekuwa bado anadondosha maji, akasema yeye hataki ukatibu, anataka chai. Nikampangia.

Cheti chenye jina la Mwinga kikapewa Mwinga. Changu Rispah amekiandika kwa mkono, nyuma ya ratiba ya semina. Hesbon alikitia sahihi bila kunitazama, lakini alikitia.

Tuliporudi kwa njia ya ufuoni, Mavyaa akawaambia wengine watangulie. Tukabaki wawili. Nikaanza kujieleza, naye akainua kiganja.

"Semina gani, Twaiba, mtu anakwenda na mume na watoto na leso ndani ya mkoba?"

Alijua tangu Jumamosi; leso ilimhakikishia tu. Nikamuuliza basi kwa nini aliandamana nasi.

"Nami nilitaka kupumzika, mwanangu. Wajukuu wa Bongwe wote hushinda uani kwangu. Ulipotaja Diani nikaona hapa pana nafasi."

Tukatembea kidogo. Kisha akaniambia jambo ambalo nadhani Waziri halijui mpaka leo. Waziri akiwa mdogo, na nduguze sita, Mavyaa alikuwa na shangazi mgonjwa Ramisi. Kila baada ya miezi michache hali ya shangazi huwa mbaya, naye hupanda lori la miwa akamwuguze siku mbili. Marehemu mumewe alikuwa akimpa kuku ampelekee mgonjwa.

"Alikuwa akiumwa nini, huyo shangazi?"

"Hapakuwa na shangazi. Palikuwa na kitanda, kwa rafiki yangu. Na kuku tukimla."

Nilicheka nikakaa mchangani. Naye akakaa. Bi Mbeyu, mwenye saumu, anacheka mpaka anafuta machozi kwa ukaya wake wa kichwani. Sikuwahi kumwona hivyo. Tulipotulia akanishika mkono.

"Siku nyingine niambie tu. Sema, Mama, nimechoka, nataka kulala. Nitawachukua watoto na baba yao, tutakwenda huko, wewe ubaki na mlango wako umefungwa. Hayo tu."

Nikamwambia nimesikia. Nimesikia kweli. Nayaandika hapa nisiyasahau.

Ijumaa, 11 Aprili

Leo alitimiza. Saa moja asubuhi amewatoa wote, na Waziri pia, kwenda ufuoni mpaka wakati wa sala ya Ijumaa. Nikabaki peke yangu katika nyumba ya watu, chini ya chandarua cheupe, jua linaingia polepole, chai inafuka pembeni.

Nililala chali dakika kumi. Nikajiuliza kama Esha amevaa kofia. Nikajiuliza kama Waziri anakumbuka kwamba maji yakijaa yanafika haraka. Saa moja na nusu nilikuwa ufuoni nawahesabu.

Mavyaa akaniona. Alisogea kidogo, nikapata nafasi kwenye mkeka.

Jumamosi, 12 Aprili

Tumerudi Bongwe. Garama anasema tunakaribishwa tena Agosti, tukitaka.

Mchana kutwa nimeyafikiria maneno ya Mavyaa. Ni maneno mazuri, na ameyatoa kwa moyo. Lakini kumwendea mtu ana kwa ana na kumwambia nimechoka, basi, bila sababu yoyote, kama mtoto. Mimi sina uso huo. Na nikilitazama jambo lenyewe kwa utulivu, naona sikushindwa na uongo. Nilishindwa na mahali. Semina ilikuwa karibu mno, watu wakaweza kunifikia kwa miguu. Na semina ina kazi. Kinachotakiwa ni kitu cha mbali, kisicho na kazi, kisichohusu watoto wala wanaume.

Wazo limenijia nikianika nguo. Nimeshindwa hata kumaliza kamba.

Jioni nikapita uani kwa Mavyaa. Nikamwamkia, nikamwambia Agosti kuna harusi ya mwalimu mwenzangu, Malindi, siku nne, wanawake watupu. Alikuwa anapeta mchele. Akaacha kupeta. Akanitazama muda mrefu, nami nikatazama mchele.

Kisha akaniuliza sare ni ya rangi gani, ili amwambie fundi ashone mbili.

Nimesema kijani. Sasa imebaki kutafuta harusi.